Ukipaliwa, chakula kinakwenda wapi?

Baba Nuru: Salaam wakuu. Jana usiku tulikuwa tunakula wali na samaki wa nazi, binti yangu wa miaka mitatu akacheka na tonge mdomoni, akapaliwa. Kakohoa mpaka machozi, kisha akatulia mwenyewe. Mama mkwe anasema kuna mtu alikuwa anamtaja, akawa anampuliza utosini. Mke wangu kakimbilia kikombe cha maji. Mimi nimebaki na swali: hewa na chakula vyote vinapita kooni, mwili unajuaje hiki kiende tumboni na hiki mapafuni? Na zile punje zilizopotea njia, bado zimo kifuani?

Mpwani: Anayemtaja ni bibi yake wa upande wako, mpelekeni akamwone 😂 Hayo ya mapafu msubiri Dada Nesi.

Dada Nesi: Nimefika. Baba Nuru, weka vidole kwenye kikoromeo chako umeze mate. Umekisikia kinapanda? Koo ni njia panda: mbele kuna bomba la hewa, nyuma yake umio, yaani njia ya chakula. Unapomeza, kikoromeo kinapanda, kidakatonge, kile kifuniko kidogo kilicho nyuma ya ulimi, kinalala juu ya njia ya hewa, na chini yake nyuzi za sauti zinabana. Pumzi inakatika kidogo, haifiki hata sekunde moja. Hayo yote yanapangwa na shina la ubongo, wewe huulizwi. Tonge likishaingia kwenye umio, misuli inalisukuma kwa kulibana kutoka juu, ndiyo maana hata aliyejilaza chali anaweza kumeza.

Sasa mtu anayecheka anahitaji hewa, na nyuzi zake za sauti haziwezi kubana. Tonge likifika wakati huo, linakuta wazi.

Punje za wali zisikutie hofu. Kikohozi kimetoa nyingi. Chembe zilizobaki zinanaswa na ute, na vinywele vidogo mno vilivyomo kwenye mirija ya hewa vinausukuma ute huo juu mpaka kooni. Hapo mtoto anaumeza, na tindikali ya tumbo inamalizia kazi.

Ninachokiogopa mimi ni karanga. Mrija wa pafu la kulia ni mpana na umenyooka kuliko wa kushoto, kwa hiyo mara nyingi inakwenda kukaa huko, na kwenye eksirei kwa kawaida haionekani. Wodini nilikuwa nawaona watoto waliokunywa dawa za kifua chupa kwa chupa, hakuna aliyemuuliza mama kama mtoto alipaliwa. Nuru akianza kukohoa mfululizo, kukoroma kifuani au kupata homa, mpeleke na usisahau kulisema hilo. Karanga nzima asipewe mpaka atimize miaka mitano.

Baba Nuru: Ahsante sana dada. Na kama angeshindwa kukohoa?

Dada Nesi: Anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe, na maji asipewe. Asiyetoa sauti wala pumzi, muinamishe mbele, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Haikutoka, simama nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani kwenda juu mara 5. Rudia zote mbili huku mwingine akitafuta msaada. Mtoto wa chini ya mwaka tumbo lake halibanwi: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Akizimia, anza kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi.

Mpwani: Dada, nami nikishiba ugali pumzi inakuwa fupi. Ni hilohilo?

Dada Nesi: Hapana mdogo wangu, hiyo ni sahani yako. Tumbo lililojaa linasukuma juu kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, na wenyewe unatakiwa ushuke ndipo mapafu yajae. Punguza tonge. Ila kama pumzi inakubana hata hujala, au ukilala chali inabidi uinuke, hapo kapimwe moyo.