Naomba ushauri: chupa ya mvinyo mwekundu wa Pauillac 2010, naifunguaje nisiiharibu?

Wakuu habari za jioni. Niko huku Bordeaux, Ufaransa, mwaka wa pili sasa, bosi wangu kastaafu kaniachia chupa ya Pauillac ya 2010, wenyeji wanausifia sana ule mwaka. Shida mvinyo mwekundu mimi bado mgeni. Mvinyo za Saint-Émilion, kijiji cha huku huku, naziweza, zile zenye zabibu aina ya Merlot nyingi, laini, zinashuka tu. Ila juzi nilifungua ya Médoc, eneo ambalo Pauillac nayo imo, ya bei poa nikamimina hapohapo nikapiga funda, aisee ulimi ukakauka kama nimetafuna ndizi mbichi, nikaiacha mezani kwa hasira. Baada ya masaa mawili narudi kunusa, inanukia penseli ile ya shule ukiichonga, na ule ukakasi umepungua kabisa!

Sasa hii ya 2010 niimimine kwenye jagi mapema kiasi gani? Na yale machicha ya chini nayaachaje? Flati yangu ina joto, nyuzi 25 hivi, niiweke friji kidogo au nitaiua? Halafu mke wangu anataka tuinywee na samaki, mimi nasema mguu wa kondoo. Nisaidieni kabla ya Jumamosi, na nyie wa kuchanganya na Coca-Cola piteni tu.