Mteja wa India humwamini nani: kampuni, mwenye duka, au bei iliyochapwa kwenye paketi?

Mfuatiliaji wa Masoko (Nairobi)

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Tarehe 5 Juni 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya India, FSSAI, iliamuru tambi za Maggi ziondolewe sokoni nchi nzima, baada ya maabara ya Kolkata kupima sampuli iliyochukuliwa Barabanki, Uttar Pradesh, na kukuta madini ya risasi ya sehemu 17.2 kwa milioni, ilhali kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa 2.5. Nestlé, kampuni inayotengeneza Maggi, ikateketeza maelfu ya tani. Mwezi Agosti Mahakama Kuu ya Bombay ikaitengua amri hiyo, mwezi Novemba tambi zikarudi madukani, na hazikuchukua muda mrefu kuongoza tena mbele ya washindani wote.

Chakula kilichotangazwa kuwa na sumu, ambacho mama humpikia mtoto anaporudi shuleni, kilirejea kwenye sufuria lile lile ndani ya miezi mitano. Je, huko ni kuaminiwa au ni kuzoeleka? Mimi nashikilia kwamba ni mazoea, na kwamba kampuni zinazojisifu kuwa zimejenga imani India kwa kweli zimewahi tu kufika jikoni kabla ya wengine, kwani Maggi ilikuwa huko tangu 1983. Kwa mnunuzi wa kipato cha chini hata swali lenyewe halipo, kwa sababu yeye huangalia bei tu.

Bi Karafuu (Zanzibar)

Ndugu Mfuatiliaji, hoja yako ya Maggi nitairudia nikijaliwa, lakini sentensi yako ya mwisho imenichoma na siwezi kuipita. Nilisoma Pune kuanzia 2013 hadi 2017, na chumba nilichopanga kilikuwa juu ya duka la kirana, yaani duka la mtaani linalouza kila kitu kuanzia mchele hadi kiberiti. Kila asubuhi niliwaona wanawake wanaofanya kazi za ndani wakinunua shampuu katika vipaketi vya rupia moja. Katika miaka minne sikumsikia hata mmoja akisema "nipe shampuu." Walitaja jina, na mwenye duka alipowapa jina jingine waliirudisha.

Mwenye uwezo wa kununua chupa nzima akikosea ataitupa na kununua nyingine. Mwenye rupia moja akikosea, hana nyingine ya kusahihishia kosa. Ndiyo maana huchunguza kuliko wewe na mimi. Wenye kampuni walilielewa hilo mapema: C. K. Ranganathan, aliyeanzia Cuddalore katika Tamil Nadu miaka ya 1980 na shampuu iliyoitwa Chik, hakutegemea bei peke yake. Watu wake walikwenda vijijini wakawaosha watoto nywele hadharani, ili wazazi washike kwa mikono yao na kunusa. Kama mnunuzi wa kijijini angekuwa anaangalia bei tu, taabu hiyo yote ilikuwa ya nini?

Mfuatiliaji wa Masoko (Nairobi)

Bi Karafuu, sikusema kwamba maskini hana akili, na ninasikitika kwamba umenisoma hivyo. Nilisema kwamba bei humwamulia. Chukua Nirma. Karsanbhai Patel alikuwa mkemia wa serikali huko Ahmedabad, akaanza mwaka 1969 kutengeneza sabuni ya unga nyumbani na kuizungusha kwa baiskeli kwa takriban rupia 3 kwa kilo, wakati Surf, sabuni ya unga ya kampuni kubwa ya Hindustan Lever, ilikuwa mara kadhaa ya bei hiyo. Kina mama walihama. Lever ilijibu kwa tangazo la Lalitaji, yule mama mkali anayesisitiza kwamba kitu rahisi na kitu kizuri ni vitu viwili tofauti, lakini hatimaye ililazimika kutengeneza sabuni yake nyingine ya bei ya chini, Wheel. Hapo sabuni rahisi ilishinda jina kubwa, na sioni imani ilihusika wapi.

Chukua pia biskuti za Parle-G, ambazo kwa miaka mingi hazikupandishwa bei ya paketi ndogo; kilichopunguzwa ni uzito, kidogo kidogo, kutoka gramu 100 hadi karibu nusu yake. Mteja alilindiwa sarafu yake huku biskuti zikipungua. Niambieni kama hiyo ndiyo imani.

Mjukuu wa Kathiawar (Mombasa)

Mzee Mfuatiliaji, shikamoo. Nimekuwa msomaji tu, lakini "sabuni rahisi" imenilazimu kuandika. Bibi yangu aliletwa Mombasa akiwa bibi harusi kutoka Gujarat, na nduguze waliobaki kule waliifahamu Nirma kabla haijawa na tangazo lolote. Kwao Nirma ilikuwa sabuni ya mtu wanayemjua, aliyepita mlangoni, ambaye kama nguo ingeharibika angekutwa kesho yake kwenye njia ile ile akiwa na baiskeli ile ile. Jina lenyewe alilitoa kwa binti yake. Mtu hatumii jina la mwanawe kuuzia kitu asichokiamini. Wewe umeona bei kwa sababu bei ndiyo inayoandikwa vitabuni, lakini waliofungua milango walimwona jirani.

Na kama tunazungumzia Gujarat, itakuwaje mjadala huu upite bila Amul, jina la maziwa na siagi la ushirika wa wafugaji? Chama cha ushirika cha wilaya ya Kaira kiliandikishwa mwaka 1946, chini ya uongozi wa Tribhuvandas Patel, kwa sababu wafugaji walichoka kunyonywa na wanunuzi wa kampuni ya Polson. Verghese Kurien, mhandisi, akaja Anand, mji ulio makao ya chama hicho, miaka michache baadaye na akabaki. Hadi leo mfugaji hupeleka maziwa kwenye kituo cha kijiji asubuhi na jioni, mafuta ya maziwa yake hupimwa, na hulipwa kwa kipimo hicho. Mama anayenunua siagi Mumbai na mama anayekamua nyati Anand wote wawili wanalitegemea jina moja, na wa pili ni mmoja wa wenye jina hilo. Yule msichana mchoro mwenye gauni la madoa, ambaye amekuwa kwenye mabango tangu miaka ya 1960 akizungumzia habari za wiki, watu humpenda, lakini mizizi ya imani iko kwenye kile kipimo cha asubuhi na jioni.

Mkemia wa Chakula (Dodoma)

Naona tumeanza kusimuliana habari za baiskeli na mabinti, na suala la usalama limeachwa pembeni. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi, na ninaomba tuheshimu mambo ya msingi. Mahakama ya Bombay haikuitengua amri dhidi ya Maggi kwa sababu ya mapenzi ya watu. Iliona kwamba kampuni haikusikilizwa ipasavyo na kwamba maabara zilizotumika hazikuwa na ithibati inayotakiwa, kisha ikaagiza upimaji mpya katika maabara 3 zilizoidhinishwa. Matokeo yalikuwa chini ya kiwango, na hapo ndipo bidhaa iliporuhusiwa. Kwa hiyo, Ndugu Mfuatiliaji, huwezi kusema watu walirudia sumu kwa mazoea; walirudia bidhaa iliyopimwa upya.

Vilevile kuna ile habari ya funza katika chokoleti za Cadbury mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambapo kampuni ilimtumia Amitabh Bachchan kuwatuliza watu. Kilichotatua tatizo ni kubadilisha kifungashio. Jamii inayohitaji mcheza filamu ndipo iamini chakula, bado ina safari ndefu.

Mjukuu wa Kathiawar (Mombasa)

Mwalimu, nakuheshimu kwa elimu yako, lakini hilo la "safari ndefu" ni neno la kudharau watu bilioni moja na zaidi. Je, hapa kwetu simu na sabuni haziuzwi kwa sura za wanamuziki na wachezaji wa mpira? Mbona hatuambiwi kwamba tuna safari?

Bi Karafuu (Zanzibar)

Naomba niliweke sawa jambo la Cadbury, kwa sababu Mwalimu ametaja nusu yake. Ilikuwa Oktoba 2003, huko Maharashtra, mamlaka ya chakula na dawa ya jimbo ilipokuta funza katika Dairy Milk. Kampuni kwanza ilisema kosa ni la wenye maduka kuhifadhi vibaya, na hapo ndipo ilipopoteza watu, kwa maana katika India mwenye duka la kirana ndiye anayemkopesha mama hadi mwisho wa mwezi. Ukimlaumu yeye umemlaumu mtu wa nyumbani. Miezi michache baadaye, mwaka 2004, wakatoa chokoleti iliyozibwa ndani ya karatasi ya alumini kwa joto, na Bachchan akaonyeshwa akizuru kiwanda na kukagua. Sura yake peke yake isingetosha, nakubali. Lakini na karatasi peke yake nani angejua imebadilika kwa sababu gani? Mtu mzima anayeheshimiwa kama baba alisema mbele ya taifa kwamba ameingia, ameona, na anaridhika. Huo ni ushahidi wa aina ambayo babu zetu pia waliutumia: mtu aliweka heshima yake rehani.

Dereva wa Mbagala (Dar es Salaam)

Mimi nachangia kwa jambo dogo ninalolijua. Hapa kwetu jina la kampuni ya magari ya magurudumu matatu kutoka Pune limekuwa jina la chombo chenyewe, kiasi kwamba hata kilichotengenezwa na TVS, kampuni nyingine ya India, abiria hukiita bajaji. Niliponunua changu sikuuliza tangazo lilisema nini. Niliuliza kama vipuri vyapatikana Kariakoo na kama fundi wa mtaani anaweza kukifungua. Imani yangu ilikuwa hapo, na nadhani ya Mhindi haitofautiani.

Mfuatiliaji wa Masoko (Nairobi)

Ndugu Dereva, umenisaidia bila kukusudia. Kwao India, katika miaka ambayo kampuni hazikuweza kutengeneza bidhaa bila kibali cha serikali, mtu aliweza kungoja pikipiki ya Bajaj kwa miaka mingi baada ya kulipia, kwa sababu hapakuwa na nyingi za kuchagua. Jina likawa la taifa zima, na tangazo la "Hamara Bajaj", yaani Bajaj Yetu, likaja kulivuna. Uhaba hulea mazoea, na mazoea yakikomaa huitwa imani.

Na hoja ya Bi Karafuu kuhusu heshima iliyowekwa rehani inanitisha zaidi kuliko inavyoniridhisha. Patanjali ya Haridwar ilikua haraka tangu 2006 kwa sura ya Ramdev, mwalimu wa yoga anayeaminiwa na mamilioni. Watu walinunua dawa ya meno na samli kwa sababu ni zake. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu, katika shauri lililofunguliwa na chama cha madaktari, iliwaita yeye na Balkrishna, mwenzake katika kampuni, kujibu tuhuma za kuidharau mahakama kwa matangazo ya kupotosha kuhusu tiba. Walipochapisha radhi magazetini, majaji waliuliza kama ukubwa wake unalingana na ule wa matangazo yao. Heshima ya mtu ikishakuwa dhamana ya bidhaa, nani atakayethubutu kuipima bidhaa?

Mjukuu wa Kathiawar (Mombasa)

Mzee, katika ukoo wetu wako wanaomfuata Ramdev kwa pumzi na mazoezi na wamefaidika, na siwezi kukaa kimya wanapoonekana wajinga. Hata hivyo kuhusu matangazo ya tiba sina cha kuwatetea. Mtu aliyeuza kwa kinywa kipana asiombe radhi kwa sauti ya chini, na swali la majaji lilikuwa la haki.

Bi Karafuu (Zanzibar)

Niliahidi kuirudia Maggi. Pale Pune, Juni 2015, nilimwona mwenye duka akizitoa paketi zote rafuni na kuzirudisha kwa msambazaji, na kwa miezi ile hakuna mteja aliyelalamika mbele yangu. Watu walinunua tambi nyingine au hawakununua. Kama yangekuwa mazoea peke yake, wangezitafuta kwa siri. Kingine nilichojifunza pale ni kwamba kila paketi India hulazimika kuchapwa bei ya juu kabisa ya rejareja, na mtoto wa miaka saba aliyetumwa dukani huisoma kabla ya kutoa pesa. Mimi nimekulia mahali ambapo bei hutegemea sura ya mnunuzi, na ile namba ndogo iliyochapwa ilinifanya nimwamini mwenye duka kuliko tangazo lolote.

Novemba tambi ziliporudi nilimwuliza kama sasa ni salama. Hakutaja mahakama wala kampuni. Alinifungulia pazia la nyuma ya duka, nikaona sufuria la tambi hizo jikoni kwake na wajukuu wawili wakisubiri. Nilinunua paketi mbili.

Mkemia wa Chakula (Dodoma)

Bi Karafuu, nakuelewa, na pengine mimi pia ningenunua. Lakini sufuria halipimi madini ya risasi. Yale matokeo ya maabara 3 yalikuwepo tayari, yamelipiwa na yamethibitishwa, na mwenye duka wako hakuwa na nakala hata moja ya kubandika karibu na rafu. Kampuni ilipata fedha za kuteketeza maelfu ya tani na za kurudi na matangazo mapya. Ningependa mtu anayeijua biashara ya usambazaji kule anieleze kwa nini ukurasa mmoja wa matokeo, kwa Kihindi na kwa Kimarathi, haukuwekwa ndani ya kila katoni iliyorudi.