Ipi nafuu kupokea kadi: kiwango kimoja, gharama halisi na nyongeza, au mashine ya benki?

Mnyororo_26
Wakuu, salaam. Nauza vipuri vya baiskeli, na baiskeli nzima mara mojamoja. Wateja wakiambiwa sipokei kadi wanageuka mlangoni, nami nimechoka kuwasindikiza kwa macho. Nina ofa tatu mezani:

A: 2.9% na senti 30 kila muamala, hakuna ada ya mwezi.
B: gharama halisi ya kadi, kisha wao wanaongeza 0.4% na senti 10. Ada ya mwezi dola 25.
C: benki, "kuanzia 1.5%", mashine ya kukodi dola 40 kwa mwezi, taarifa ya mwezi dola 10, mkataba miaka mitatu.

Kwa mwezi nauza kama dola 6,000, risiti 240. Moyo umeegemea C kwa sababu ya hiyo 1.5. Nakosea?

Kalamu_Nyekundu
Mkuu, hilo neno "kuanzia" lisome mara mbili kabla hujaweka sahihi.

Kadi ikipita, makato yanaingia mifuko mitatu. Fungu kubwa kwa kawaida linakwenda benki iliyompa mteja kadi. Jingine dogo ni la mtandao, yaani Visa au Mastercard. Linalobaki ni la aliyekupa huduma, na hapo tu ndipo unaweza kupatana naye bei. C amechanganya yote matatu, halafu akapanga kadi kwa madaraja. 1.5 ni ya kadi ya debiti ya kawaida. Kadi ya mkopo yenye pointi za zawadi, ya kampuni au ya mgeni kutoka nje inapanda daraja, na wewe huna namna ya kujua mteja atachomoa ipi mfukoni.

Tupige hesabu kwa namba zako.
A: 2.9% ya 6,000 ni 174, na senti 30 mara 240 ni 72. Jumla 246, sawa na 4.1% ya mauzo.
B: tuseme gharama halisi ya kadi zako, yaani yale mafungu mawili ya kwanza, ni wastani wa 1.6%. Ongeza 0.4%, unapata 120. Senti 10 mara 240 ni 24, ada 25. Jumla 169, yaani kama 2.8%.
C: tuseme theluthi ya mauzo inakatwa 1.5%, theluthi 2.5%, theluthi 3.5%. Hiyo ni 150. Mashine 40, taarifa 10. Jumla 200, kama 3.3%.

Kwa hiyo 1.5 yako imeshakuwa 3.3, na bado hujanunua karatasi za risiti.

Rejareja_Tu
Ila A asitupwe hivihivi. Mwezi ambao hukuuza kitu, A hakudai hata senti. C utamlipa 50 ukiwa umefunga duka. Anayeanza, au anayeuza kwa msimu, A inamfaa.

Ubaya wa A ni zile senti 30. Mteja akinunua kiraka cha dola 5 wewe unakatwa senti 14.5 za asilimia na 30 za muamala, karibu 9% ya mauzo. Baiskeli ya dola 900 haifiki hata 3%. Risiti zako ni za dola 25 kwa wastani, ndiyo maana A imekufikisha 4.1.

Spoku
Naongeza yaliyonikuta, sitaji kampuni. Niliuza baiskeli ya 900 kwa mpango kama wa A, mteja akairudisha kesho yake. Nikamrudishia 900 zake zote. Makato ya 26.40 hayakurudi. Nilipouliza nikaonyeshwa kifungu: muamala umeshafanyika, ada imeshaliwa.

La pili liliuma zaidi. Mtu alinisomea namba ya kadi kwa simu, nikatuma mzigo. Miezi miwili baadaye mwenye kadi akapinga malipo kwenye benki yake. Mzigo ulikwenda, pesa zikavutwa, na juu yake nikatozwa ada ya pingamizi dola 15. Kadi ya kuchomeka na namba ya siri ina nafuu kwenye makato na kwenye hatari pia. Ya kusomewa kwa simu siku hizi siigusi.

Pampu_Mbili
Kwa nini msimtwishe mteja hayo makato? Ukinunua kwa kadi, ongeza 3%. Kwisha.

Kalamu_Nyekundu
Inategemea upo wapi, ndugu. Umoja wa Ulaya ulikataza kwa kadi za kawaida za wateja tangu Januari 2018. Lakini huko hata fungu la benki ya mteja limewekewa ukomo tangu Desemba 2015: 0.2% kwa debiti, 0.3% kwa kadi ya mkopo. Ndiyo maana mtu wa huko akikutajia makato yake unaona kama anakutania. Marekani sheria inaruhusu kuweka kiwango cha chini cha manunuzi kwa kadi ya mkopo, kisichozidi dola 10. Kwa viraka vya dola 5 hilo lina maana kuliko kumwongezea mtu 3% mbele ya foleni.

Mnyororo_26
Asanteni sana wakuu. Nimempigia wa C, nikamuuliza nikivunja mkataba baada ya miezi minane nalipa nini. Amesema kodi ya mashine ya miezi yote iliyobaki. Miezi 28 kwa 40, dola 1,120. Nimemshukuru, nikakata simu.

Wa B nimemwomba taarifa ya mwezi ya mteja wake yeyote, afute jina, nione hiyo gharama halisi inavyoandikwa. Amesema ataleta kesho.

Rejareja_Tu
Akileta, muulize pia pesa zinaingia akaunti yako baada ya siku ngapi. Mimi wangu alisema mbili, ikawa tano kila Ijumaa.