Mada: Nibebe nini? Ramen, kari ya Kitai na sushi tukirudi Unguja

Kutoka: Bint Kikwajuni, Leicester

Assalaam alaykum wazee wangu na ndugu zangu,

Inshaallah mwezi wa saba tunarudi nyumbani moja kwa moja, mimi na wanangu wawili. Kuna jambo linaniumiza kichwa, msione nina mambo madogo. Hawa watoto wamekulia huku, na Ijumaa usiku kwetu ni ramen (tambi za supu za Kijapani) au kari ya Kitai. Mkubwa ana miaka 11 na sushi, ule wali wa Kijapani wa kukunjwa na samaki, anakunja mwenyewe. Nimeshanunua chupa tisa za sosi na makopo 12 ya tui, na sanduku la kilo 23 linakaribia kujaa hata nguo sijatia. Mliotangulia kurudi, nibebe nini, niache nini? Na huko kuna pa kula vyakula hivi bila ya wasiwasi wa halali?

Kutoka: Mama wa Fuoni

Wa alaykum salaam mwanangu,

Si mambo madogo hata kidogo. Mtoto anabadilishiwa skuli, marafiki na jua kwa siku moja. Ile sahani anayoijua ndiyo ya kumtuliza. Mimi nilirudi na wangu baada ya miaka 16 London, kwa hiyo nakwambia nililolipika kwa mkono wangu.

Makopo ya tui toa yote. Unarudi kwenye minazi. Ila kuna kitu kilinichukua muda kukijua. Sisi tumelelewa kwamba tui lisikatike: ukishalitia, moto mdogo na upawa hautoki mkononi, likikatika mchuzi umeharibika. Kari ya Kitai inataka kinyume chake. Zikune nazi mbili, kamua kasimile kwa maji ya vuguvugu kidogo tu, itie sufuriani peke yake na uiache ichemke mpaka ikatike, uone mafuta yanaelea juu yanang'aa. Hapo ndipo unatia viungo ulivyotwanga, unavikaanga ndani ya mafuta yale yale ya nazi mpaka harufu ibadilike na jirani aulize unapika nini. Kisha kuku, kisha tui la pili. Mara ya kwanza nilipoiona kasimile inakatika, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye upawa. Uzuie wako. Tui la kopo mara nyingi hutiwa kitu cha kulishikanisha, na ndiyo maana kari zangu za London hazikupata kutoa mafuta.

Vya kutwanga vipo: thomu, vitunguu maji vidogo, pilipili mbichi, mchaichai (ile sehemu nyeupe ya chini, majani weka ya chai). Kotimiri ukinunua Darajani mwambie muuzaji asikate mizizi, mizizi ndiyo inayotakiwa. Majani ya mndimu wetu hayana harufu kali kama ya mndimu wa Kitai, basi ongeza idadi na uparuze ganda la ndimu juu yake.

La pili ni dagaa, na hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Wajapani wana kitu wanakiita niboshi: dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi kisha wakaanikwa juani. Mwanangu, si ndivyo wanavyofanya watu wetu pwani? Chukua gao mbili za dagaa wakavu, toa vichwa na matumbo meusi, maana ukiyaacha supu inakuwa chungu. Waroweke usiku kucha kwenye lita moja ya maji baridi. Asubuhi chemsha dakika kumi, zisizidi, uchuje. Changanya nusu kwa nusu na supu ya kuku wa kienyeji aliyechemka asubuhi nzima na tangawizi. Chumvi usitie mpaka uonje, dagaa wetu wanayo tayari. Hiyo ndiyo supu ya ramen, bila ya tonkotsu, ile nyeupe nzito ya mifupa ya nguruwe tuliyokuwa tukiikwepa huko.

Na tambi. Za ramen huwa na ule mvuto na rangi ya manjano kwa sababu unga wake hukandwa kwa maji ya magadi, wenyewe wanayaita kansui. Mimi nachukua spageti nyembamba, nachemsha kwa maji yenye kijiko cha soda ya kupikia. Usiondoke jikoni, povu linapanda kwa kasi na litazima moto wako.

Pa kula papo. Mji Mkongwe, Nungwi na Paje utakuta Kitai, Kijapani, Kichina, kwa sababu wageni wanavitaka, na bei nazo ni za wageni. Lakini usiulize "hiki halali?" Utaambiwa ndiyo, na mhudumu anasema kwa nia njema akifikiria nyama tu. Uliza hivi: "Mnatia mirin? Mnatia sake?" Zote mbili ni pombe za mchele wanazopikia Wajapani. Mirin halisi ina pombe kiasi cha asilimia 14. Hoteli moja ya pwani niliambiwa kila kitu ni halali. Nikaomba aulizwe mpishi. Akatoka mwenyewe na chupa mkononi, tukasoma pamoja, pombe imeandikwa. Niliumia, maana nilishawahi kula pale mara mbili na watoto. Yule mpishi hakubishana, alirudi jikoni akanipikia upya kwa sukari na siki kidogo. Nyumbani nami nafanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo beba: nori (karatasi za mwani za kukunjia sushi), miso, yaani soya iliyochachushwa ya kutia kwenye supu (soma kibandiko, nyengine hutiwa pombe isiharibike), mafuta ya ufuta uliokaangwa, na kilo mbili za mchele wa sushi. Basmati haishikani, usijisumbue. Chupa zitie kwenye sanduku la chini, mkononi viwanja vingi vya ndege bado vinakataza zaidi ya mililita 100. Na usifungie kwa mifuko ya plastiki, Zanzibar ni marufuku.

Kutoka: Shangazi wa Micheweni

Naunga mkono ya Mama wa Fuoni, na naongeza ya Pemba.

Mmoja aliniuliza kama mwani wetu unafaa kwa sushi. Haufai, nori ni mwani wa aina nyengine kabisa. Lakini msiuache. Mbegu ya huu tunaolima ilitoka Ufilipino mwishoni mwa miaka ya 1980, na Wafilipino wenyewe wanaula kama kachumbari. Sisi tunaulima, tunaukausha, tunaupakia kwenye magunia uende nje, na wengi wetu hatujautia mdomoni. Mimi nilifundishwa kuula na Mfilipino niliyefanya naye kazi Dubai. Uchukue mbichi, uoshe mara tatu utoke mchanga, utumbukize kwenye maji ya moto ukihesabu mpaka kumi, utoe haraka uingize kwenye maji baridi. Ukizidisha unayeyuka na kuwa ute. Ndimu, tangawizi, kitunguu, tungule, pilipili. Ukiutafuna unalia mdomoni kama tango changa.

Na anayependa pho ya Wavietinamu, ile supu ya mifupa ya ng'ombe: ndani yake mna karafuu na mdalasini. Karafuu tatu zinatosha sufuria nzima. Kitunguu na tangawizi vichome kwanza juu ya seredani mpaka viungue nje, ndipo uvitie.

Khulinjani mbichi ya kari, ule mzizi unaofanana na tangawizi, sijaiona huku. Kavu waulizeni wauza dawa za sunna.

Kutoka: Kaka wa Malindi, Muscat

Dada, kwa huyo mkunja sushi, tafadhali soma hili. Nimefanya kazi ya samaki miaka mingi. Samaki wa kuliwa mbichi anatakiwa agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri siku saba, minyoo ife. Friza ya nyumbani, na umeme ukikatika katikati, haitoi uhakika huo. Na jodari aliyekaa juani hujenga sumu ambayo hata ukimpika haitoki. Uso unawasha, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio. Mnunue asubuhi, awe amelala juu ya barafu.

Lakini mtoto asikatishwe tamaa. Japani kwenyewe pweza wa sushi huchemshwa kwanza. Tumieni pweza, kamba wa kuchemsha, au jodari wa kuchoma.

Kutoka: Bint Kikwajuni, Leicester

Allah awalipe kheri nyote. Makopo yote 12 nimempa jirani, na chupa zimebaki mbili. Mkubwa amesoma habari ya pweza, anauliza nani atamfundisha kumpiga mpaka alainike. Mama wa Fuoni, mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu bibi sijui aliichukua nani. Nikija nitanunua wapi yenye meno mazuri?