Mrejesho: gari iliyokuwa inatetemeka nikikanyaga mafuta

Wakuu, narudi na mrejesho wa ile gari inayotetemeka nikikanyaga mafuta, hasa mlimani nikiwa nimewasha AC, ukiachia inatulia. Wengi mlisema maunting za injini (zile raba zinazoishikilia injini kwenye bodi), fundi wa kwanza naye akakomaa hivyohivyo anataka nibadilishe zote, nikagoma maana taa ya cheki injini ilikuwa inapepesa na maunting haiwashi taa jamani. Nikapeleka kwa mwingine akapima kwa mashine ikasoma P0302, yaani silinda namba 2 inamisi, haichomi mafuta vizuri. Akahamishia koili (inayopeleka umeme kwenye plagi) ya namba 2 kwenye namba 3, akafuta ile kodi ya hitilafu kwenye mashine, tukazunguka kidogo ikaja P0303, yaani tatizo limehamia namba 3 pamoja na koili. Ubishi ukaisha, mgonjwa ni koili. Kuichomoa, raba yake imelowa oili na imepasuka kwa chini, gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) inavujisha oili mpaka kwenye shimo la plagi. Nimeweka koili moja, gasketi, raba za mashimo na plagi zote 4. Jana nimepanda nayo mlima Kitonga tumejaa, haitikisiki hata kidogo. Na aliyesema nisiiendeshe taa ikipepesa, mafuta yasiyoungua yanachoma masega ya ekzosi (katalitiki, inayosafisha moshi), asante sana mkuu.