Naomba ushauri: kupanga voliumu za OpenAFS na kutengeneza kloni

Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia seva za OpenAFS (mfumo wa kuhifadhi mafaili kupitia mtandao) chuoni. Wanafunzi na watafiti wote wanahifadhi kazi zao humo, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

Kila mtumiaji nimempa voliumu yake (fungu lake la mafaili linalosimamiwa peke yake), jina likianza na "user." Miradi nataka niiweke kwenye voliumu tofauti, ila jina la voliumu haliruhusiwi kuzidi herufi 22, na majina ya miradi yetu ni marefu mno. Mnayafupishaje bila kumchanganya atakayenirithi?

Linaloniumiza kichwa zaidi ni kloni, yaani nakala ya voliumu kama ilivyokuwa wakati fulani, inayotumia mafaili yaleyale ya voliumu mama hadi yabadilike. Kila usiku naendesha amri ya vos backup inayotengeneza kloni, na kila mtu anaiona kloni yake kwenye folda ya nyumbani. Akifuta kitu anajirudishia mwenyewe. Utaratibu huu naupenda sana. Tatizo ni kwamba kloni ya leo inafuta ya jana, na mtu anaweza kugundua hasara baada ya wiki nzima.

Nafikiria kutumia amri nyingine, vos clone, ili nibaki na kloni za siku kadhaa. Lakini faili likibadilishwa kidogo tu, linanakiliwa lote, na watafiti wana mafaili makubwa yanayobadilika kila siku. Diski zitajaa upesi. Halafu kloni inakaa partisheni (sehemu ya diski) ileile ya voliumu mama, diski ikifa vyote vimekwenda. Ndiyo maana vos dump (amri ya kutoa voliumu kama faili) kwenda seva nyingine siiachi.

Mliopitia haya, kloni za siku ngapi zinatosha? Na voliumu za watafiti nizitenge kwenye partisheni yao?