Seli zisizo na malaria zinachelewa mferejini: kosa liko wapi?

Mwanafunzi wa maabara, Kisumu
Shikamooni wakubwa. Ninapima seli nyekundu za damu moja moja kwa kuzipitisha katika mfereji wenye upana wa mikromita 5, huku elektrodi mbili zikisoma jinsi ukinzani wa umeme unavyopanda kila seli inapoziba njia. Seli yenye Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, hukakamaa kadiri kimelea kinavyokomaa, kwa hiyo nilitarajia ichelewe kuliko nzima. Ajabu ni kwamba jana sampuli ya mtu asiye na malaria ilichelewa karibu sawa na ile yenye vimelea. Je, muda wa kupita ni kipimo halali cha ugumu?

Mwalimu wa fizikia, Nakuru
Marahaba. Muda peke yake usiuamini. Seli huchelewa kwa kuwa ngumu, kwa kuwa kubwa, au kwa kujisugua na kuta, na saa haiwezi kutofautisha hayo. Umeme ndio utakaokusaidia: kwa kanuni ambayo mvumbuzi Wallace Coulter alipewa hataza yake (haki ya uvumbuzi) mwaka 1953, kimo cha wimbi, yaani kiasi ukinzani unavyopanda seli ikipita, hufuata ujazo wa seli. Ila ujazo huo upime mahali papana, kabla seli haijabanwa, kwani ikishabanwa hurefuka na wimbi likabadilika sura. Ukiweza, tumia mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo, wa masafa mawili (kasi mbili za kugeuka). Katika masafa ya chini utando huuzuia umeme usiingie, nawe unasoma ukubwa. Kwenye megahezi kadhaa mkondo hupenya utando, ukaanza kusoma yaliyomo ndani. Kisha linganisha muda wa seli zenye ujazo mmoja tu.

Mhudumu wa maabara, Kakamega
Kabla hujafika kwenye masafa, mdogo wangu, damu hiyo ilitolewa lini? Seli iliyolala nje ya mwili huishiwa nishati, hupoteza umbo lake la kisahani kilichobonyea pande mbili, ikaota vijiba kama tunda la mbarika, na ikiwa hivyo haikunjiki vizuri. Weka tone chini ya hadubini ujionee. Kioo chenyewe huweza kuotesha vijiba hivyo, basi tia albumini (protini ya damu) kidogo kwenye maji ya chumvi, ambayo nayo yawe ya asilimia 0.9, yakipungua chumvi seli zitavimba. Tena, kwa kuwa huku kwetu kando ya ziwa selimundu, ambayo nayo hukakamaza seli, si jambo geni, hakikisha mtoaji amepimwa.

Mwanafunzi wa maabara, Kisumu
Nimeona aibu kidogo. Damu ilikaa mezani tangu Ijumaa, na nilipotazama sasa hivi, seli nyingi zina vijiba. Mtoaji alishapimwa, hana selimundu. Kesho nitachukua sampuli mpya na kuipima asubuhi hiyo hiyo.

Mwalimu wa fizikia, Nakuru
Vema. Anza na shanga za plastiki zenye kipenyo kinachojulikana ili usawazishe kimo cha mawimbi, lakini chagua zilizo ndogo kuliko mfereji. Shanga haibonyei kama seli. Ikinasa, utashinda kutwa ukizibua.